Vibuyu Vilivyovuka Mgunda Mkali

Mwaka 1955 mwanaakiolojia wa Kiingereza, Mortimer Wheeler, alipita pwani ya Tanganyika kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa, akastaajabishwa na wingi wa vigae vya kauri ya China alivyovikuta ufukweni na magofuni. Akatamka kwamba tangu karne ya 10 historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini imeandikwa kwa kauri ya Wachina. Kauli hiyo imependwa sana, na haikosi ukweli. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi yalipachikwa sahani na mabakuli ya Kichina, na mtu aliyefika Kilwa Kisiwani anajua vigae vile havitafutwi, mtu huvikanyaga tu.

Ila Wheeler alikuwa ameitazama nchi kwa upande wa bahari. Hapo hapo Kilwa, ambako Neville Chittick alichimba katika miaka ya 1960, vyombo vya ng'ambo ni sehemu ndogo tu ya vigae vyote. Vilivyobaki ni vyungu vya udongo wa hapo, vilivyofinyangwa kwa mkono na kuchorwa mistari na pembetatu mabegani. Na ukiipa bahari kisogo, ukapanda kupita Morogoro na Dodoma mpaka kwenye majabali ya Singida, mfinyanzi wa China hana tena la kukwambia. Huku historia imeandikwa kwa udongo, kibuyu na nyasi, na walioiandika, kwa sehemu kubwa, ni wanawake.

Husemwa siku hizi, hasa na wanaouza, kwamba vyombo vya mkono vyenye alama za jadi ni daraja kati ya tamaduni. Sikatai. Ninachobisha ni maelezo ya namna daraja hilo linavyosimama. Wauzaji wanasema alama ndiyo inayovusha chombo: mgeni anaona nakshi, anavutiwa, anauliza maana yake, wanaelewana. Historia ya Singida inaonyesha mwendo mwingine. Chombo huvuka mpaka kwa sababu ya kilichomo ndani yake, au kwa sababu jirani hana cha kutilia maziwa yake. Nakshi hupanda juu ya chombo na kusafiri bila kulipa nauli.

Pa kuanzia ni watu wenyewe. Eneo hili la kati, kuanzia Kondoa na Mbulu hadi Iramba na bonde la Ziwa Eyasi, halina mfano barani Afrika kwa mchanganyiko wa lugha. Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu na Wagogo wa Manyoni ni Wabantu. Wataturu na ndugu zao Wabarbaig ni wafugaji wenye lugha ya Kinailoti. Wairaqw, majirani wa kaskazini, ni Wakushi. Wasandawe, upande wa mashariki, wana lugha ya vidoko, na Wahadza wa Mkalama na Eyasi wana ya kwao, yenye vidoko pia, isiyo na ndugu anayejulikana kwa yakini. Watu wasioelewana hata neno moja wameishi umbali wa kutembea kwa mguu kwa karne nyingi, na wameishi kwa kubadilishana vitu.

Udongo unathibitisha ukale wa jambo hilo. Katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, Wajerumani Ludwig na Margit Kohl-Larsen walichimba katika miaka ya 1930, na wachimbaji waliofuata baadaye walitambua humo vigae vya aina ya Kansyore, vyungu vya watu waliokuwa bado wanaishi kwa kuwinda na kuvua, kabla ya jembe la chuma kufika. Usandawe nako kuna Lelesu, mahali palipotoa jina la vyungu vya wakulima wa mwanzo wa zama za chuma, vyenye midomo iliyokatwa mshazari na mifereji iliyochorwa kabla udongo haujakauka. Vyungu hivi ni jamaa ya vile vya Urewe vya Ziwa Viktoria na vya Kwale vya pwani ya Kenya. Hakuna aliyebeba chungu kimoja kutoka Nyanza hadi Usandawe. Kilichosafiri ni mkono unaojua: binti aliyeolewa mbali akafinyanga kama alivyofundishwa na mama yake, na binti yake naye akafinyanga kama yeye.

Kisha kuna miamba. Michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na michoro ya namna hiyo inaendelea hadi Iramba na Isanzu. Ile ya kale, myekundu, ina wanyama na watu. Ile ya karibuni zaidi, ambayo mara nyingi ni myeupe na huhusishwa na wakulima, ina pia miduara, mistari na maumbo yasiyosomeka kirahisi. Vishawishi vya kusema kwamba nakshi za vibuyu zimetoka miambani ni vingi, na vipeperushi vya watalii havijiepushi navyo. Mimi naona uhusiano mwingine ulio wazi zaidi. Huko Mungomi wa Kolo, pango la Kondoa, wenyeji wameendelea kufanya matambiko ya mvua na uponyaji mbele ya michoro, na pombe ya nafaka hurushwa mwambani kama sadaka, hadi wahifadhi wakalalamika kwamba inaharibu rangi. Pombe hiyo haiendi mlimani mikononi mitupu. Uhusiano wa chombo na mwamba ni huo: kimoja kinapeleka kinywaji kwa kingine.

Turudi kwenye kibuyu chenyewe, maana ndicho chombo kikuu cha nchi hii kame, kuliko hata chungu. Mmumunye hutambaa pembeni mwa shamba la mtama au juu ya ua, na tunda huachwa likauke shinani mpaka likigongwa litoe sauti. Juu hukatwa au hutobolewa, ndani humiminwa maji, na nyama ya tunda huachwa ioze. Halafu hutiwa kokoto na kutikiswa hadi mbegu na nyuzi zitoke. Uchungu haumaliziki kwa siku moja. Kibuyu hulowekwa na kumwagwa, kulowekwa na kumwagwa, na chombo kisichofanyiwa hivyo huharibu maziwa ya wiki nzima. Cha maziwa hufukizwa kwa kijinga cha mti wenye harufu nzuri, na moshi ule ndio unaompa mlaji ladha ambayo akienda mjini ataitafuta asiipate. Nakshi huja mwisho, kwa chuma kilichochongoka kilichotiwa motoni: mistari sambamba, msumeno, pembetatu zilizojazwa vimistari vya kukatana.

Kibuyu kikipata ufa hakitupwi. Matundu madogo hutobolewa pande zote mbili za ufa, kisha hushonwa kwa kano au uzi wa mmea, mshono unavutwa hadi kingo zinakutana. Fundi mzuri hupanga mishono kwa urefu ulio sawa, na baada ya miaka kadhaa ya kushikwa na mikono yenye mafuta, mshono ule huwa mweusi na kung'aa kuliko nakshi yenyewe. Katika makabati ya makumbusho nimeona watazamaji wakisifia mshono wa namna hiyo kama pambo. Wamekosea kuhusu kusudi, ila macho yao hayakukosea.

Mmea huu una historia ya ajabu. Asili yake ni Afrika, lakini watu wa Amerika walikuwa wakiutumia takriban miaka 10,000 iliyopita, muda mrefu kabla ya meli yoyote. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba vibuyu vya kale vya Amerika ni jamaa ya vile vya Afrika, na kwamba huenda vilielea tu kuvuka Atlantiki, mbegu zikiwa ndani. Chombo kilitangulia wasafiri wote.

Huku kwetu mmea huo ulipita mikononi. Wahadza hawakuwa na desturi ya kufinyanga vyungu wala kuyeyusha chuma. Walipeleka asali na nyama kwa majirani wao Wanyisanzu, wakarudi na vyungu, vyuma na shanga. Wataturu walikuwa na maziwa, siagi na ngozi. Wakulima walikuwa na mtama, uwele na vibuyu. Katika biashara ya namna hii hakuna anayeuliza maana ya pembetatu. Mwanamke anapokea chombo, anakipima kwa kukigonga, anakinusa, anakubali au anakataa.

Lakini akishakipeleka nyumbani, hapo alama inaanza maisha mapya, na mfano bora niujuao unatoka kwa Wahadza wenyewe. Mtafiti wa Denmark, Thea Skaanes, ameandika kuhusu kibuyu chenye nakshi ambacho mwanamke wa Kihadza humiliki kwa jina na kutilia mafuta ya mnyama, na ambacho kinahusiana na ibada ya epeme, ile inayofanyika gizani usiku usio na mwezi. Kibuyu hicho si sahani ya wageni. Nakshi yake ni ya mwenyewe. Watu waliotegemea majirani kwa chungu, na ambao kwa macho ya serikali nyingi hawakuwa na mali, walikipa kitu kinachofanana na chombo cha kawaida cha kila kaya ya Singida uzito ambao jirani hakuwahi kuujua. Vijijini kama Munguli, wilayani Mkalama, Wahadza na Wanyisanzu wanakaa pamoja leo. Chombo kiliwaunganisha, maana ya chombo kila mtu alibaki nayo kwake.

Karne ya 19 ilileta njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo wapagazi walipita Ugogo, kisha wakaingia pori la Mgunda Mkali, ambalo leo ni sehemu za Manyoni na Itigi, kabla ya kufika Unyamwezi. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walilipita mwaka 1857. Pori hilo lilikuwa kipimo cha kibuyu: asiyekuwa na chombo cha maji kisichovuja hakufika Unyamwezi. Misafara ilipanda na vitambaa vya merikani, kaniki na shanga, nyekundu za samesame zikiwa miongoni mwa zilizotakiwa sana, nyingi zikiwa zimetengenezwa Venice. Shanga hizo ziliishia kwenye sketi za ngozi za wanawake wa Kibarbaig na kwenye shingo za vibuyu. Hivyo kibuyu cha maziwa cha mfugaji wa Hanang au Iramba kikawa na kioo cha Italia, kwa pembe ya ndovu iliyokwenda kuwa funguo za piano Ulaya na Marekani. Kama ni daraja, ushuru wake ulilipwa na tembo na wapagazi.

Na daraja linaweza kuvunjika kwa kikombe cha maziwa. Januari 1875 Henry Morton Stanley aliingia Unyaturu na msafara mkubwa ulioelemewa na njaa na maradhi. Mmoja wa wasaidizi wake Waingereza, Edward Pocock, alizikwa huko tarehe 17. Siku chache baadaye, mahali alipopaita Vinyata, mapigano yalizuka na watu wengi wakafa. Kwa simulizi ya Stanley mwenyewe, lalamiko la wenyeji lilikuwa kwamba mtu wa msafara ameiba maziwa na siagi kijijini. Msomaji wa mbali anaweza kuliona kama kisingizio. Mtu anayejua nafasi ya maziwa katika nyumba ya Mnyaturu, na anayejua kwamba kugusa kibuyu cha mwanamke bila ruhusa si sawa na kuchuma embe njiani, hawezi kulipuuza lalamiko hilo kirahisi.

Wajerumani walikuja na bunduki, kodi na daftari. Upinzani wa Wanyaturu wa mwaka 1908 hivi, ambao ulilifanya jina la Liti Kidanka, mwanamke anayesimuliwa kupigana na Wajerumani kwa nyuki, kuwa mashuhuri hadi uwanja wa mpira wa Singida ukapewa jina lake, ulizimwa. Miaka michache baadaye afisa Eberhard von Sick alichapisha maelezo marefu kuhusu Wanyaturu katika jarida la makumbusho la Berlin, mwaka 1916. Zama hizo maelfu ya vitu kutoka Tanzania vilipakiwa na kupelekwa Ujerumani: mikuki, vigoda, vyungu, vibuyu. Kwa mara ya kwanza chombo cha nchi hii kilisafiri kikiwa kitupu. Hakuna aliyekinywea tena. Kilipewa namba, kikawekwa kabatini, na nakshi yake, ambayo nyumbani ilikuwa jambo la mwisho kufanywa, ikawa jambo la kwanza kutazamwa.

Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ikipitia Manyoni, na Mgunda Mkali likawa usingizi wa usiku mmoja kwenye behewa. Pamoja na reli yalikuja maduka, na maduka yalileta sahani na vikombe vya bati vilivyopakwa enameli. Hili lilikuwa pigo kubwa zaidi kwa wafinyanzi kuliko kodi yoyote. Sahani ya bati haivunjiki, haivuji, haihitaji kufukizwa. Wenye nia njema wanapolalamika kwamba vijana wameacha vyombo vya asili, wasisahau kumuuliza mama aliyekuwa akiteka maji maili kadhaa na chungu kichwani anaonaje ndoo.

Sura ya Wachina ilirudi katika miaka ya 1970, safari hii si kwa makaburi ya masultani. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, na makubaliano yalikuwa kwamba gharama za ndani ya nchi zilipwe kwa mauzo ya bidhaa za Kichina katika maduka ya Tanzania na Zambia. Ndiyo maana kizazi kile kinakumbuka chupa za chai, sinia na mabeseni yenye maua makubwa mekundu ya peoni, samaki wa dhahabu, na pengine ile alama ya furaha maradufu ambayo China hupambia harusi. Vyombo hivi vilifika hata kwenye tembe za Ikungi na Iramba, wakati huo huo ambao Operesheni Vijiji ilikuwa ikiwahamisha watu kutoka kaya zao za zamani. Hakuna aliyejua kusoma alama ile. Hata hivyo beseni la maua lilikuwa zawadi ya bibi harusi Singida kama lilivyokuwa Shanghai, kwa sababu ni chombo kizuri cha kuanzia nyumba. Wheeler angelifurahi: China tena. Ila sasa kauri ilikuwa bati, na aliyenunua alikuwa mkulima wa uwele.

Wasomi nao walikuwa wamefika. Mmarekani Harold Schneider aliishi na Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, akaandika kitabu kuhusu uchumi wao kilichotoka mwaka 1970. Kabla ya hapo, mwaka 1966, alichapisha makala fupi kuhusu uzuri kwa macho ya Wanyaturu, akionyesha kwamba wana vigezo vyao vya kupima uzuri, visivyongoja tafsiri ya mgeni. Alikuwa ameshafanya uchunguzi kama huo kwa Wapokoti wa Kenya, na huko alipata maelezo ambayo sijaona yakipitwa. Chombo cha maziwa, aliambiwa, ni kizuri kwa kufaa kwake. Kinachopendeza ni ule mdomo uliochongwa ukatokeza, ambao kazi ya kubeba maziwa haikuuhitaji. Kufaa kwanza, ziada baadaye, na ziada hiyo ndiyo inayofurahisha.

Nimeuweka mfano huo kichwani kila ninapoona vikapu vya Singida na Iringa vikiuzwa Ulaya na Marekani kama mapambo ya ukutani. Kazi yenyewe ni ya hali ya juu: shada la nyasi huzungushwa kuanzia kitovuni, kila mzunguko ukishonwa juu ya uliotangulia, na rangi hubadilishwa kwa hesabu ili nyota au msumeno utokee bila kuchorwa popote. Mwanamke anayekosea hesabu kitovuni hugundua kosa akiwa ukingoni. Fedha inayopatikana inalipa ada na mabati, na sitamdharau mtu kwa hilo. Lakini kikapu cha ukutani hakibebi ugali wala nafaka, kwa hiyo muuzaji analazimika kukipakia kitu kingine, na anakipakia maana: mstari huu ni umoja, pembetatu hii ni uzazi, mduara ule ni mababu. Maana nyingi kati ya hizo nashuku zimezaliwa kwenye lebo.

Iko mifano ambapo maana ilitungwa upya kwa haki. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wanawake wa Rwanda, wajane na wake za wafungwa pamoja, walikaa kusuka agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka ambacho sasa kipo kwenye nembo ya taifa lao. Kuanzia mwaka 2005 vikapu hivyo viliuzwa kwenye maduka ya Macy's, Marekani, kwa jina la amani. Huko maana haikubuniwa kwa ajili ya mteja. Ilikuwepo kwenye mkeka, kati ya wasukaji wawili. Mteja wa New York aliongeza soko tu.

Na Kitui, nchini Kenya, wanawake wa kikundi cha Kyanika walishirikiana na watafiti wa Makumbusho ya Taifa kukusanya aina za vibuyu, mbegu zake, matumizi yake na hadithi zake. Walianza na mbegu kwa sababu wanaijua kazi hii: kibuyu kizuri huanzia kwenye mbegu sahihi, ya shingo ndefu au ya tumbo pana, na aina ikipotea hakuna chuma cha moto kitakachoirudisha. Singida ingefaa kuiga hilo kabla ya kufungua duka lingine la zawadi. Shamba lililokuwa na mmumunye ukingoni sasa limejaa alizeti hadi barabarani, na mtukuru, pombe ya kienyeji ya huku, hunywewa zaidi kwenye kopo la plastiki kuliko kwenye kata.

Alizeti yenyewe imeleta chombo chake. Kando ya barabara kuu ya kutoka Dodoma, madumu ya mafuta yamepangwa kwenye meza za mbao, manjano yakipitisha jua. Abiria wa mabasi ya Mwanza na Dar es Salaam wanashuka kununua, wanayafunga vizibo kwa mfuko wa nailoni yasimwagike, wanayasukuma chini ya viti. Kesho yake mafuta ya Singida yanakaanga samaki Mwanza na vitumbua Temeke, na dumu likiisha mafuta linaoshwa, linatekewa maji, linaanza kazi ya pili. Halina nakshi bado, isipokuwa jina la mwenye nalo lililoandikwa ubavuni kwa msumari wa moto.